Kijani Kisichotokana na Kijani

Fundi wa vifaru vidogo vya plastiki, ukitaka kumuudhi, mwambie rangi aliyopaka siyo. Watu wazima hununiana kwa hilo, ndugu msomaji.

Chukua Sherman, kifaru cha Wamarekani katika vita vya 1939-1945. Rangi yake ni kijani cha zeituni, na aijuaye asili yake hucheka: ilipatikana kwa kuchanganya nyeusi na manjano ya udongo. Kijani chenyewe hamna! Ukijaribu nyumbani, nyeusi itie kwa matone, maana ina ulafi, humeza yote.

Haya, mtu akaipata rangi ile ile ya jeshi, akakipaka kifaru chake cha kipimo cha 1 kwa 35, urefu sentimita 17 hivi. Lo! Kimekuwa cheusi kupita kiasi. Kifaru cha kweli hutazamwa kwa mbali, na hewa iliyo kati huipausha rangi. Hiki kiko mkononi. Ndipo mafundi wengi hutia nyeupe kidogo. Tena jua na vumbi la vitani vilikipausha kila kifaru kivyake, hata viwili vya kiwanda kimoja visifanane.

Nyeupe kiasi gani? Hapo hununiana upya.