Mgeni njoo, mwenyeji apone: draiva za virtio kwenye mashine pepe

Wengi wetu hapa Lushoto tunajifunzia Linux ndani ya mashine pepe, maana laptopu ni moja tu, na ni hiyo hiyo ya kuandikia ripoti ya utafiti. Kompyuta halisi tunaiita mwenyeji. Mfumo unaoendeshwa ndani yake ni mgeni. Malalamiko ya bwenini ni yale yale: mgeni mzito, kufungua faili tu mpaka chai ipoe. Watu wanalaumu RAM, kumbe mara nyingi shida ni draiva.

Kuna njia mbili za kumpa mgeni diski na mtandao. Ya kwanza ni kumwigizia kifaa cha kweli, kwa mfano kadi ya mtandao ya Intel e1000. Kila mgeni anapogusa rejista za kifaa hicho, anasimamishwa, mwenyeji anaigiza jibu, ndipo kazi inaendelea. Ni kama mkulima wa Soni kumpigia simu dereva wa fuso kwa kila kabichi moja.

Njia ya pili, mgeni anaambiwa ukweli kwamba kifaa hiki si halisi. Basi anapanga maombi yake kwenye foleni iliyo katika kumbukumbu wanayoiona wote wawili, kisha anamshtua mwenyeji mara moja. Tenga linajaa kwanza, ndipo gari linaitwa. Hiyo ndiyo virtio, iliyobuniwa na Rusty Russell na kuingia kwenye kerneli ya Linux 2.6.24, Januari 2008.

Ukijenga kerneli mwenyewe, fungua make menuconfig utafute haya:

CONFIG_VIRTIO_PCI – njia ambayo vifaa vyote vya virtio hupitia.
CONFIG_VIRTIO_BLK – diski.
CONFIG_VIRTIO_NET – mtandao.
CONFIG_VIRTIO_BALLOON – humwezesha mgeni kurudisha RAM asiyoitumia, mwenyeji akiihitaji. Kwa laptopu ya GB 4, hii si anasa.

Kila swali lina jibu y (ijengwe ndani ya kerneli), m (iwe moduli ya kupakiwa baadaye) au n. Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Jirani yangu wa bweni aliweka m kila mahali. Kerneli ilijengwa usiku kucha, asubuhi ikagoma: haioni diski ya mfumo. Sababu ni rahisi. Moduli ya diski ilikuwa imehifadhiwa kwenye diski hiyo hiyo. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba!

Kwa hiyo VIRTIO_PCI na VIRTIO_BLK zipe y, au hakikisha moduli zake zimo kwenye initramfs, ile faili ndogo inayopakiwa pamoja na kerneli kabla diski haijaguswa. Mtandao na balloon zinaweza kubaki m bila taabu.

Mambo mawili zaidi. Ukitumia QEMU, mwambie mwenyeji atoe diski ya virtio kwa kuandika if=virtio kwenye -drive; draiva bila kifaa haina kazi. Halafu diski itaitwa /dev/vda, si /dev/sda, kwa hiyo rekebisha root= na fstab.

Hutaki kutafuta moja moja? Baada ya make defconfig, andika make kvm_guest.config. Machaguo makuu yatawekwa y yenyewe. Balloon uiongeze kwa mkono, kisha kagua kwa grep VIRTIO .config kabla hujaanza kujenga. Sekunde mbili hizo ni bei nafuu kuliko usiku mzima wa umeme.