Msukumano ndani ya maji yaliyotulia

JE, msomaji, umewahi kutazama maji yaliyoachwa kikombeni usiku kucha? Utaapa kwamba yametulia tuli. Lakini ndani yake mna msukumano unaoushinda ule wa abiria wanaogombea matatu saa za jioni, nao haukomi hata sekunde moja.

Mnamo 1827 mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, Robert Brown, alitia chavua ya maua majini na kuitazama kwa hadubini. Aliona chembe ndogo zilizotoka katika chavua hiyo zikihangaika huku na kule. Kwanza alidhani zina uhai. Lakini alipotia vumbi la kioo na la mawe, nalo lilicheza vivyo hivyo. Kioo hakina uhai. Basi ni nani aliyekuwa akilisukuma?

Jibu kamili lilikawia hadi 1905. Albert Einstein, aliyekuwa akifanya kazi katika afisi ya kusajili uvumbuzi mjini Bern, Uswisi, alieleza kwamba chembe hupigwa kila upande na molekuli za maji, ambazo hukimbia kwa sababu ya joto. Mapigo ya upande mmoja yakizidi kidogo, chembe husogea.

Alipiga hesabu kwamba chembe yenye upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita itasogea karibu upana wake kwa sekunde moja. Kwa dakika nzima itafika mara sita tu ya upana huo, wala si mara sitini, kwani mwendo wake ni wa mlevi: hatua mbele, hatua nyuma. Kuanzia 1908 Mfaransa Jean Perrin alipima na kuona hesabu ni sawa. Waliokuwa wakishuku kuwepo kwa atomu walianza kunyamaza, naye akatuzwa Nobel mnamo 1926.

Pengine utauliza, mbona meza haitikisiki? Chukua sarafu 10 uzirushe. Zote kuonyesha kichwa hutokea, kwa wastani, mara moja katika kila mara 1,024. Rusha sarafu 100, na hutaliona jambo hilo maishani mwako. Vivyo hivyo, meza hupigwa na molekuli nyingi mno hata mapigo yakafutana.

Wataalamu hutumia neno entropia kupimia idadi ya namna ambazo vitu vinaweza kujipanga. Namna za kuchanganyika ni nyingi kuliko za kujitenga, ndiyo maana sukari huenea chaini wala hairudi kuwa rundo. Lakini penye molekuli chache, bahati huweza kugeuza mambo kwa muda mfupi.

Vurugu hii husikika pia. Mnamo 1928 John Johnson wa maabara ya Bell, Marekani, alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kipande chochote kinachozuia umeme hutoa kelele hata bila betri, kwa kuwa elektroni zake husukumwa na joto. Mwenzake, Harry Nyquist, alitoa hesabu yake. Ndiyo sababu vipokezi vya darubini za redio hupozwa kwa baridi kali.

Hapa ndipo matapeli hupata mwanya. Ikiwa hewa inasukumana daima, si tuvune nguvu hiyo bure? Mnamo 1867 James Clerk Maxwell aliwaza jini mdogo, bawabu wa tundu kati ya vyumba viwili, anayepitisha molekuli zenye kasi upande mmoja na zile za polepole upande wa pili. Chumba kimoja kingepata joto bila mafuta yoyote!

Hata hivyo, jini huyo lazima akumbuke aliyoyaona, na kumbukumbu zikijaa azifute. Mnamo 1961 Rolf Landauer wa kampuni ya IBM alionyesha kwamba kufuta habari hugharimu nishati. Mnamo 2012 watafiti mjini Lyon, Ufaransa, walipima gharama hiyo kwa chembe moja ya kioo iliyoshikwa kwa mwanga wa leza. Deni hilo humeza faida yote ya jini.

Hata mwili wako hulipa. Ndani ya seli, protini iitwayo kinesini hubeba mizigo kwa hatua za nanomita 8 katikati ya msukumano huo. Kila hatua hulipiwa kwa nishati inayotokana na ugali uliokula.

Kwa hivyo msomaji, ukiletewa injini inayodaiwa kwenda kwa hewa tupu na kuombwa uchangie pesa za karo, uliza swali moja tu: gharama analipa nani? Asipokuonyesha, basi mlipaji ni wewe.