Silikanti: Alidhaniwa wa Comoro, kumbe na Tanga ni kwao

Hivi samaki akivuliwa mahali ambapo hajawahi kuonekana, inathibitishwaje kwamba anaishi hapo na hakupotea njia tu? Jibu zuri liko Tanga, kwa samaki anayeitwa silikanti.

Zamani wanasayansi waliwajua samaki wa jamii hii kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu. Waliamini wametoweka miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na dainosaria. Desemba 1938 akavuliwa mmoja karibu na East London, Afrika Kusini. Wa pili alipatikana Comoro mwaka 1952, na wengine wengi wakafuata hukohuko. Ikaaminika kwamba Comoro ndiko kwao, na anayeonekana kwingine kasukumwa na mkondo wa bahari.

Dhana hiyo ikaanza kuyumba. Mwaka 2000 wapiga mbizi waliwaona Sodwana Bay, Afrika Kusini. Mwaka 2001 akanaswa mmoja Malindi, Kenya. Mwaka 2003 ikawa zamu ya Tanzania: kwanza Songo Mnara, Kilwa, kisha Tanga, ambako ndani ya miaka michache walinaswa makumi kwenye majarife ya papa yanayotegwa kwenye kina kirefu.

Kwa nini idadi ni muhimu?

Samaki mmoja anaweza kuwa mgeni. Wakiwa wengi, tena mwaka hadi mwaka, hao ni wenyeji. Vinasaba navyo vikasema hivyohivyo: utafiti uliochapishwa 2011 ulionyesha kuwa silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi la peke yake, lililojitenga na wenzao zaidi ya miaka 200,000 iliyopita.

Ushahidi unaotakiwa

Maneno matupu hayatoshi. Inatakiwa picha, tarehe, mahali, kina, aina ya mtego na vipimo. Bora zaidi, samaki mwenyewe ahifadhiwe ili mtaalamu mwingine aje akague. Akishakatwa vipande sokoni, sehemu kubwa ya ushahidi imepotea.

Faida yake

Silikanti hukua taratibu mno na hachangamki kuzaa, hivyo majarife yanaweza kuwamaliza haraka. Kumbukumbu za Tanga zilisaidia kupatikana kwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa 2009. Kiumbe asiyejulikana kuwa yupo, nani atamlinda?

Basi ukikuta samaki usiyemjua, piga picha kabla ya kisu, kisha mpe taarifa afisa uvuvi aliye karibu.