Kopo Kando ya Reli si Hazina ya Mjerumani

Mwezi Mei 2000 Serikali ya Marekani iliondoa kizuizi kilichopunguza kwa makusudi usahihi wa vipimo vya setilaiti kwa raia. Siku chache baadaye, mkazi mmoja wa jimbo la Oregon alificha ndoo yenye daftari na vitu vidogo vidogo, akatangaza vipimo vya mahali hapo ili wengine waitafute. Ndivyo ulivyoanza mchezo uitwao jiokeshi, ambao sasa huchezwa katika nchi nyingi. Mtafutaji huongozwa na simu; akilipata kopo, huandika jina na tarehe daftarini, kisha hulirudisha palepale. Ndani hamna mali ya thamani, na kanuni za mchezo zinakataza kulichimbia shimo bila idhini ya mwenye ardhi.

Wachezaji hupendelea mahali penye historia, nayo Korogwe na Handeni hazikupungukiwa. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na mwaka 1905 ikafika Mombo, ambako barabara ya Lushoto huanza kupanda milima ya Usambara. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walitandika njia nyembamba ya vigari vya kusukumwa na watu kutoka Mombo hadi Handeni. Majeshi ya Uingereza yaliifuata njia hiyo mwezi Juni 1916.

Historia hiyo pia imezaa imani kwamba Mjerumani aliacha hazina ardhini. Kwa hiyo, anayemwona mgeni akipekua mawe karibu na reli, au anayeokota karatasi yenye namba, huenda akadhani amepata dalili ya mali. Namba hizo ni vipimo vya latitudo na longitudo tu.

Kuchimba tuta la reli ni hatari kubwa. Tuta hubeba uzito wote wa treni, na kokoto zake hupitisha maji. Shimo likiachwa, mvua hujaa humo, udongo hulainika na reli hulegea. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirejea Desemba 2019, nayo hupita Korogwe. Shimo la mtu mmoja laweza kugharimu maisha ya wengi. Aidha, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadai kibali kwa anayetaka kufukua mabaki ya kale.

Anayetaka kuficha kopo kwenye ardhi ya kijiji yampasa kwanza kuonana na serikali ya kijiji. Eneo la hifadhi ya reli liko chini ya Shirika la Reli Tanzania, na si mahali pa mchezo. Kwa kuwa simu hukosea kwa mita kadhaa, kopo lililo karibu na reli humfanya mtafutaji atangetange juu ya njia ya treni.

Mkazi akikuta kopo lenye daftari, aliache lilipo na kumjulisha mtendaji wa kijiji au mtaa. Akikuta chuma cha kale kinachofanana na risasi au bomu, asikiguse. Awazuie watoto wasikikaribie, kisha atoe taarifa polisi mara moja.