Maudhui ya Ulanguzi wa Watoto katika Chozi la Heri

Ulanguzi wa watoto ni kumchukua, kumsafirisha au kumficha mtoto kwa nia ya kumtumia kwa manufaa ya mtu mwingine. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2010 inamwadhibu mlanguzi kwa kifungo kisichopungua miaka 30, faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Hata mtoto akikubali kwenda, kosa ni la mlanguzi.

Jinsi yanavyojitokeza
Sauna ni kijakazi katika nyumba ya Lunga. Baada ya Naomi kuondoka na Lunga kufariki, watoto wanabaki mikononi mwake. Anawaiba Dick na Mwaliko na kuwapeleka kwa Bi. Kangara, ambaye biashara yake ni hiyo. Zingatia kwamba mlanguzi hapa si mgeni aliyeruka ua usiku. Ni mtu wa nyumbani, anayeaminiwa na watoto wasio na mtetezi.

Madhara kwa watoto
(i) Kusambaratika kwa familia: Umu anabaki peke yake, hajui ndugu zake waliko.
(ii) Kuingizwa katika uhalifu: Dick analazimishwa kusafirisha dawa za kulevya. Akikamatwa, ataitwa mhalifu ilhali ni mwathiriwa.
(iii) Kunyimwa elimu na utoto: miaka ya kusoma na kucheza inaliwa na kazi ya kumtajirisha mwingine.
(iv) Majeraha ya moyo: mtoto aliyesalitiwa na mlezi huishi kwa hofu na huona vigumu kumwamini mtu mzima yeyote.

Je, Sauna ni mwathiriwa pia?
Ndiyo. Alinajisiwa na babake wa kambo, Bwana Maya, na jambo hilo likafichwa. Dhuluma isiyotibiwa huzaa dhuluma. Hata hivyo, usiandike kwamba hana hatia: historia yake inaeleza kitendo chake, haikihalalishi.

Unapojibu swali
Usisimulie kisa chote. Taja dhara, mtaje mhusika, kisha eleza alivyoumia. Anayeandika tu kwamba Dick aliibwa ametaja tukio. Bado hajaonyesha madhara.

Tanbihi: Ukishuku kwamba mtoto yeyote yuko hatarini, piga simu bila malipo kwa nambari 116.