Uvimbe Unaonywea kwa Mionzi

Katikati ya ubongo wa binadamu ipo tezi ndogo iitwayo pineali, ambayo mwanafalsafa René Descartes, katika karne ya 17, aliidhania kuwa makao ya roho. Kazi yake halisi ni kutoa homoni ya melatonini wakati wa giza. Hapo ndipo huota, kwa nadra sana na hasa kwa wavulana wa umri wa balehe, uvimbe wa saratani uitwao jaminoma. Inaaminika kwamba chanzo chake ni chembe za uzazi zilizopotea njia mimba ingali changa, zikakwama kichwani.

Uvimbe huo huziba mfereji wa maji ya ubongo. Maji yakijaa, mtoto huumwa kichwa na kutapika, hasa asubuhi. Lakini dalili iliyo wazi zaidi hukaa machoni: mgonjwa hawezi kuyainua kutazama juu, kama alivyoeleza daktari Mfaransa Henri Parinaud katika miaka ya 1880.

Picha ya mashine ya sumaku huonyesha mahali uvimbe ulipo, ila haitoshi kuutaja jina. Nalo jina ndilo jambo kubwa, kwa kuwa jaminoma hunywea upesi mbele ya mionzi, hali baadhi ya aina nyingine ziotazo papo hapo ni sugu. Zamani, hasa nchini Japani, madaktari waliohofia kupasua mahali pa hatari kiasi hicho walitoa mionzi kidogo ya majaribio. Uvimbe ukipungua, ulihesabiwa kuwa jaminoma. Siku hizi hupimwa damu na maji ya uti wa mgongo: protini ya alfa-fetoprotini ikizidi, hiyo si jaminoma tupu. Kisha mpasuaji hupitisha darubini nyembamba katika tundu dogo la fuvu, akayafungulia maji njia mpya na kunyofoa kipande cha kuchunguzwa kwa hadubini. Tundu moja, kazi mbili!

Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 hupona. Kwa sababu hiyo wataalamu sasa wanahangaikia zaidi madhara ya mionzi yenyewe, ambayo huweza kudhoofisha akili na ukuaji wa mtoto. Dawa kama karboplatini na etoposidi hutangulizwa ili kipimo cha mionzi kipunguzwe. Kuiacha kabisa kulikwisha jaribiwa: katika utafiti wa miaka ya 1990, karibu nusu ya waliopewa dawa pekee walirudiwa na uvimbe.