Baridi Yabisi na Dawa Inayofuata Uvimbe

Karibu kila kijiji kina mama wa namna hii. Zamani alikuwa wa kwanza kufika shambani. Siku hizi aamka kabla ya jogoo, lakini hawezi kufunga kanga yake mwenyewe. Vidole vya mikono yote miwili vimevimba, vina moto, tena vimekakamaa. Hupita saa nzima na zaidi ndipo vilainike kidogo. Jirani mmoja asema ni uzee, na kumbe mama huyu hajafika miaka arobaini. Mwingine anong'ona kwamba amerogwa.

Si uzee, wala si uchawi. Ni ugonjwa, na ugonjwa wenyewe una dawa.

Sisi huita maumivu yote ya viungo baridi yabisi. Lakini yako ya namna nyingi, na hii ya mama yetu madaktari huiita athraitisi ya rumatoidi. Haiji kwa sababu ya kufua nguo katika maji baridi. Mungu ametuwekea mwilini askari wa kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao humkosea adui, wakashambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Kiungo huvimba. Kikiachwa hivyo, mfupa huliwa na vidole hupinda, visinyooke tena. Wanawake hupatwa mara mbili au tatu kuliko wanaume.

Mwezi wa Septemba 1948, katika mji wa Rochester huko Marekani, Daktari Philip Hench alimpiga sindano za dawa iitwayo kotisoni mwanamke wa miaka 29, ambaye hata kutembea kulimshinda. Baada ya siku chache tu alitembea, akaenda madukani. Watu walistaajabu. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili, Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini furaha hiyo ilikuja na machozi. Kotisoni haiendi kwenye kiungo kigonjwa peke yake, bali huenea mwili mzima. Walioitumia kwa wingi na kwa muda mrefu walivimba uso, mifupa yao ikawa dhaifu, na maradhi mengine yakawaingia kwa urahisi. Ni kama mtu atakaye kumwagilia mche mmoja, naye afurikisha shamba zima.

Je, haiwezekani kuifunga dawa, ifunguke penye ugonjwa tu? Hilo ndilo wataalamu wanalolitafuta. Katika miaka ya 1960 Alec Bangham, mtaalamu wa Kiingereza, alichunguza mafuta ya namna fulani, akaona kwamba yakitiwa majini hujikunja yenyewe yakawa vitufe vyenye uwazi ndani. Huitwa liposomu. Leo hutengenezwa vidogo mno, hata mamia yake yakipangwa mstari mmoja hayapiti upana wa unywele. Dawa hutiwa ndani yake, kama uji ndani ya kibuyu.

Vitufe hivyo hupataje njia? Mishipa midogo ya damu penye afya ni imara, lakini kwenye kiungo kilichovimba huvuja. Vitufe huzunguka pamoja na damu, na vikifika pale panapovuja hutoka. Chembe za mwili zilizo katika uvimbe huvimeza, na dawa hufanya kazi papo hapo. Mwaka 2003 wataalamu wa Uholanzi walijaribu hivyo kwa panya wenye viungo vilivyovimba. Kwa sindano moja tu, uvimbe ulitulia karibu wiki nzima.

Njia hii si ndoto. Dawa iliyofungwa katika vitufe vya mafuta hutibu kalaazari hapa Afrika ya Mashariki, na baadhi ya chanjo za Korona zilifungwa kwa namna inayofanana. Lakini panya si mtu, na kwa baridi yabisi kazi bado ni ya majaribio. Basi, akija mtu mnadani na vidonge vya «nano», akisema vyaponya viungo kabisa, usimpe fedha yako.

Leo tufanye nini? Viungo vikivimba na kukakamaa kila asubuhi kwa wiki kadhaa, nenda hospitali mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Dawa itumikayo sana ni methotreksati. Angalia sana: kwa ugonjwa huu humezwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kwaweza kuua. Chagueni siku moja nyumbani, muiandike ukutani. Mgonjwa apimwe damu kama daktari atakavyoagiza. Mwenye mimba, au anayetazamia kupata mimba, asiitumie kamwe. Amwambie daktari, apewe nyingine. Wala usijinunulie dukani vidonge vya jamii ya kotisoni. Na aliyevizoea kwa muda mrefu asiviache ghafula, bali amwone daktari.

Nanyi akina baba, mama akisema mikono imekataa, msimwite mvivu. Mchoteeni maji, na watoto watwange. Mtume Paulo alitufundisha kwamba sisi sote ni viungo vya mwili mmoja. Nyumba yenye mgonjwa wa viungo ndiyo mahali pa kuonyesha kwamba tumeyasikia mafundisho hayo.